Gari Lililoshinda Ngoma

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nipige kelele. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani na viatu vya kuazima kwa dada, nikidhani nitapewa meza na kiti. Meneja wa Mauzo, ambaye sote tulimwita Bwana Mauzo, akanisimamisha nje ya ghala la kaseti mjini Mwanza, akaelekeza kidole ng'ambo ya barabara.

"Yule muuza ndizi," akasema, "mfanye ageuke."

Nikamwita kwa Kisukuma, mara moja tu. Akageuka yeye na wateja wake wote. Bwana Mauzo akacheka, akaniambia nikaripoti kituo cha Bariadi Jumatatu.

Sauti ile sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa na Mjomba Nkwabi, kaka wa mama yangu, aliyenilea nyumbani kwake Sapiwi. Mjomba alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, upande wa Bagika. Kwetu kuna Bagika na kuna Bagalu, na kila baada ya mavuno ya pamba pande hizi mbili hukutana uwanjani kushindana. Hakuna jaji wala kikombe. Zote zinacheza kwa wakati mmoja, kila moja na duara lake, na watu wanakwenda wanakotaka. Jua likianza kushuka, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Nilipokuwa msichana mdogo Mjomba alinisimamisha ng'ambo ya mbuga niitikie nyimbo zake, na nisiposikika hakuna uji.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, mitumba imejaa minadani, na bendi za mashirika ya umma zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine. Vijana wa Mwanza wakaanzisha yao ya magitaa ya umeme, wakapiga roki kwa Kiswahili na kujiita Majabali. Walivaa suruali za kubana mpaka wazee wakauliza wanakaaje chini. Tuliwacheka, lakini walijua kupiga.

Wimbo wao uliowatoa ulikuwa "Sikitu", na mimi ndiye niliyeuingiza Simiyu. Niwaeleze kazi ilivyokuwa. Bendi inarekodi kaseti nzima, lakini kampuni inachagua wimbo mmoja na kuutanguliza, redioni na kwenye magari ya matangazo, ili watu wawe wanauimba kabla kaseti haijafika dukani. Gari letu lilikuwa pikapu yenye spika mbili za tarumbeta juu ya kebini, na amplifaya iliyonyonya betri mpaka dereva wetu, Mzee Shija, akanuna. Mwiko wa kazi ulikuwa mmoja: usipige wimbo hadi mwisho. Unaukata watu wanapokaribia kuitikia, unashika maiki, unasema kaseti ziko njiani. Mtu anaondoka na kiu yake.

Tulizunguka minada ya Bariadi, Lagangabilili, hadi Ipililo kule Maswa. "Sikitu" ukashika kama moto wa kiangazi. Wachunga ng'ombe wasiojua Kiswahili cha kuombea maji walijua kiitikio chote. Nilijiona mtu, sikatai.

Msimu wa ngoma ulipofika, Bwana Mauzo alikuja mwenyewe kukagua kituo. Akasikia kwamba Bagika na Bagalu wanakutana Sapiwi.

"Watu wengi?" akauliza.

"Wengi sana. Lakini bosi, pale hatupigi. Ule ni uwanja wa ngoma, ukipiga pale umeingia mashindanoni."

"Kabula, mimi nauza kaseti. Watu wakiwa Sapiwi, mimi niko Sapiwi."

Mzee Shija alinitazama kwenye kioo, akawasha gari.

Tulisimama katikati ya maduara mawili. Mjomba alikuwa amepaka unga usoni, mgwisho wa mkia wa ng'ombe mkononi, na watu wake walikuwa wengi kuliko wa Bagalu. Alikuwa anashinda. Bwana Mauzo akabonyeza kitufe mwenyewe. Gitaa la "Sikitu" likalia juu ya mbuga ile, na vijana wakaanza kugeuza vichwa, kisha miili. Akina mama wakafuata na watoto mgongoni. Duara la Bagalu likavunjika, halafu la Mjomba. Mwishowe pikapu yetu ilizungukwa na uwanja mzima, na pale kwa Mjomba walibaki wapiga ngoma wake na mkewe.

Nilitamani ardhi inimeze. Mjomba alinyoosha mkono, ngoma zikanyamaza. Akaja polepole, watu wakimpisha, akasimama mbele ya gari. Nilingoja matusi.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma na kuniita mama, kama kawaida. "Leo mmeshinda. Nyinyi ndio wenye watu. Mwimbaji wenu yuko wapi, nimpe mkono?"

"Hayupo, Mjomba. Hii ni kaseti."

"Kaseti najua. Namuuliza mwenye sauti. Amenishinda, nami nadai marudio. Mwakani, uwanja huuhuu."

Hiyo ni haki ya aliyeshindwa kwetu, na aliyeshinda hana ruhusa ya kukataa. Nikamtafsiria Bwana Mauzo. Macho yakamng'aa.

"Safi sana! Mwambie bendi itakuja. Tangaza kwenye maiki, wote wasikie."

Nikatangaza. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele, na Mjomba akainamisha kichwa kwa heshima, kama anavyofanya manju kwa manju mwenzake.

Mwaka ule wote alijiandaa. Alikataa mialiko yote ya ngoma. Alitunga asubuhi akichunga, peke yake, na hakumwimbia mtu, hata mkewe, maana wimbo wa mchuano hausikiki kabla ya siku yake. Kila nilipopita Sapiwi aliniuliza habari za mwimbaji: ana afya? Ametunga nini kipya? Alimuulizia kama ndugu aliye safarini.

Nilimfuata kiongozi wa bendi mwenyewe, Mwanza. Kijana mpole, kinyume na suruali zake. Nilipomsimulia alicheka kwanza, halafu akaweka gitaa chini. "Huyo mzee ananiheshimu kuliko kampuni," akasema. "Nitakuja, dada." Naamini alimaanisha. Lakini kufikia mvua za vuli kila kibanda cha Mwanza kilikuwa kinarudufu "Sikitu" kwenye kaseti tupu. Majabali wakahamia Dar es Salaam kutafuta riziki, na huko wakasambaratika. Nilirudi kwa Bwana Mauzo kuomba angalau amsake yule kijana.

"Kabula," akasema bila kuinua macho, "ile ilikuwa promosheni tu."

Siku ilipofika nilikwenda Sapiwi bila gari. Watu walikuwa wamejaa kuliko mwaka uliotangulia. Nilimwambia Mjomba ukweli mbele ya wazee wa Bagika. Wakafurahi. "Asiyetokea ameshindwa," wakasema. "Uwanja ni wako. Imba!"

Mjomba alitazama upande wa pili wa uwanja, palipoachwa wazi kwa ajili ya mgeni.

"Sijamshinda mtu," akasema. "Nitangoja aje."

Akampa mkewe mgwisho, akaenda nyumbani. Hakuongoza ngoma tena. Bagika wakatafuta manju mwingine, na yeye akabaki na ng'ombe zake. Mimi niliumia, naumia hata leo, kwamba alikuwa mtu pekee katika jambo lile aliyechukulia neno kuwa neno.

Kampuni ilifungwa. Baadaye nilitangaza sabuni, mbegu, vyandarua na wagombea wa kila chama, mpaka koo likakataa nikastaafu. Kabla Mjomba hajafa nilimpelekea redio yenye kinasa sauti. Nikamwomba, hata wimbo mmoja tu wa mwaka ule. Alikigusa kile chombo kwa upole, asinivunje moyo.

"Wimbo wa mchuano hauimbiwi chombo, mayu. Unaimbiwa mtu atakayekujibu. Yeye atakuwepo?"

Nikazima redio.

Siku hizi vijana wa Bariadi wananijia na simu zao, wananiwekea "Sikitu", wanataka nieleze tulivyoufanya ukavuma. Nawaeleza, kazi ni kazi. Wakitaka naimba wote, ubeti kwa ubeti, hadi mwisho. Kisha kuna mmoja huuliza, na yule mzee wa Sapiwi alikuwa amemtungia nini mwenzake? Namwambia sijui, na ndiyo kweli. Mimi niliyefundishwa kumwitikia kutoka ng'ambo ya mbuga, sijui hata neno moja.