Kwenye Lava Hakuna Karibu

Saa mbili asubuhi, jua la Kisarawe limeshaanza kuuma, na Holo Shija amesimama juu ya kilima akimfokea mtu mzima kwa kosa la kuwa na adabu.

Mtu huyo ni Badru, muuza vipuri wa Kibaha. Amefungua chupa yake ya maji, akamgeukia aliyeketi jirani na kumwambia karibu, kama alivyolelewa. Holo anamwamuru ashuke hadi chini, apande upya.

"Hapa hakuna karibu," anasema. "Maji yako ni yako. Ukitaka kukirimu watu, subiri ufike kwako."

Badru anashuka akinung'unika. Wenzake wanainamisha vichwa, kila mmoja anakunywa ya kwake kwa kujificha kama mwizi.

Holo, 43, ni mwongoza watalii. Huwapeleka watu wa Pwani na Dar es Salaam hadi kaskazini, karibu na Ziwa Natron, kutembea kwenye uwanda wa lava iliyoganda chini ya mlima wa volkano. Alizaliwa Mzenga, wilayani Kisarawe, kwa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, na kazi hiyo aliijulia huko huko Natron, akiwabebea wageni mizigo.

Kabla ya safari ijayo anawapandisha wateja wake vilima vya Kisarawe, kila mtu na lita tano mgongoni. Anawafundisha kugonga mwamba kwa fimbo kabla ya kukanyaga, maana chini ya ganda huenda kuna uwazi. Anawafundisha pia kutompita mwongozaji mwenyeji anayetangulia. Lakini kinachomchosha zaidi ni hiyo karibu.

"Fimbo wanaijua siku hiyo hiyo. Karibu ndiyo haiwatoki," anasema. "Kule hakuna kivuli wala kisima, na lile jiwe jeusi linakuunguza juu na chini. Ukigawa maji, umegawa miguu yako ya kurudia."

Hasira zake zina chanzo. Agosti mwaka jana, kampuni ya safari iliyokuwa imemwajiri ilipeleka huko wafanyakazi wa viwandani kutoka Zegereni. Asubuhi ya matembezi, meneja aliagiza madumu ya maji yabaki kambini. Alikuwa ameongeza abiria wawili na gari lilijaa. Holo alipopinga, aliambiwa anaweza kubaki na madumu yake. Akapanda gari kwa kuhofia kwamba wangekwenda bila yeye.

Kila mtu alikuwa na chupa mbili ndogo. Miongoni mwao alikuwamo Firdausi, 24, binti wa Kisarawe aliyekuwa akipakia bidhaa kiwandani. Alimwona mama mmoja, rika la mama yake mzazi, amemaliza maji. Akampa chupa moja, kisha akamkaribisha na ya pili. Angefanyaje? Angekunywa peke yake mbele ya mtu mzima, halafu kwao waseme amelelewa wapi?

Alianguka katikati ya uwanda, akiropoka maneno yasiyoeleweka. Holo na mwongozaji mwenyeji walimbeba kwa kupokezana hadi kwenye gari. Alilazwa wiki mbili, figo zikiwa zimeumia. Aliporudi kiwandani, nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine.

Holo alimfuata meneja ofisini kwake Kibaha, kumtaka aahidi kwamba maji hayataachwa tena.

"Aliniambia, 'Lakini si amepona?' Akaendelea kunywa chai yake. Hata karibu hakuniambia."

Siku hiyo aliacha kazi, na malipo yake ya shilingi 60,000 kwa kila siku ya safari yakakoma. Tangu hapo ameishi kwa mihogo na maziwa ya ng'ombe wa kaka yake.

Kampuni yenyewe haina habari. Tangazo la safari yake ijayo linasambaa kwenye simu, na picha waliyoweka ni ya Firdausi, akicheka juu ya lava, muda mfupi kabla hajaanguka. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Mama yake aliletewa picha hiyo na jirani, aliyempongeza kwa kuzaa binti maarufu. Inatia kichefuchefu.

Ndiyo maana Holo amekusanya kundi lake mwenyewe. Ni dogo, kwa sababu kwenye gari lake maji yatapakiwa kwanza, watu baadaye. Firdausi yumo, kwa ruhusa ya daktari. Anasema hataki picha ile ndiyo ibaki kuwa safari yake.

Badru anafika tena kileleni, jasho likimtiririka, na kuketi karibu na Firdausi. Binti anafungua chupa. Anamtazama Badru, midomo inacheza, na watu wote wanasubiri kusikia. Kisha anakunywa, polepole, macho yakiwa chini. Badru naye anafungua yake.

Holo hapongezi mtu. Anasema watakwenda mwezi ujao, na wakirudi salama, yeye na Firdausi watakwenda moja kwa moja kwa meneja kudai picha iondolewe.

"Tutakaa mle ofisini mpaka aiondoe," anasema. "Tutakwenda na chupa zetu. Tutakunywa mbele yake, na hatutamkaribisha."