Leseni kwa Jina la Mkubwa

Juzi nilikuwa kwenye stesheneri moja ya Kashaulili kutoa kopi ya kitambulisho, nikashuhudia heshima ikimponza mtu. Mwalimu asiyeona alileta laptopu ya shule awekewe programu ya kumsomea maandishi kwa sauti. Leseni ilikuwa moja, na inafanya kazi kwenye akaunti moja tu.

"Weka, ila usiisajili kwanza," alimwambia fundi, kiganja kikiwa bado juu ya laptopu. "Nitakufungulia akaunti yangu."

"Ondoa shaka, mwalimu."

Baada ya muda fundi akajinyoosha. "Tayari. Na kuisajili nimeshaisajili."

"Kwa akaunti ya nani?"

"Nimeikuta ya mkuu wa shule iko wazi. Si ndiye mkubwa wenu nyie? Nikaona kuanza na wewe ni utovu wa adabu."

"Mkuu anaona, ndugu yangu. Akiwa ofisini anamuona mtoro aliyeko mtaa wa Makanyagio."

Nilitaka kumsuta fundi, lakini mimi mwenyewe nimezunguka nchi za watu nikibonyeza "Nakubali" bila kusoma masharti ya programu, basi nikarudi kwenye kopi yangu. Hivi ndivyo tulivyo: hata miwani tutampa kwanza mkubwa asiyeihitaji.

Fundi akasema leseni haihamishwi bila barua ya mkuu. Mwalimu akashusha pumzi. Alishamwandikia mkuu mara tatu kuomba programu hiyo, hakuna barua iliyosomwa, mpaka parokia ikamsaidia kuinunua.

"Nitamwandikia ya nne," alisema, akipapasa fimbo yake. "Safari hii kompyuta itamsomea."