Madumu Mawili ya Kwenda Ziwani

Nyumbani kwetu Mkonze, ambako maji ni ya shida, safari yoyote huanza na dumu la maji. Mama ametulea hivyo: uende shamba, msibani au harusini, unabeba maji yako. Kwa hiyo mimi na rafiki yangu tulipopanga kwenda Ziwa Sagara, kule magharibi ambako mto Malagarasi hujitawanya katikati ya matete, maji ndiyo tuliyoyaandika kwanza.

Tungeshuka treni Nguruka, kisha siku sita kwa miguu na kwa mtumbwi wa kuazima, wawili tu, kila kitu mgongoni. Sebuleni tulipanga hema, chandarua, unga, sufuria moja, na madumu mawili ya lita kumi. Rafiki yangu aliyabeba kuzunguka ua mara tatu, akarudi anahema, akasema mgongo utazoea.

Walibaki dagaa. Tukawafuata sokoni Majengo, kwa mama mmoja aliyezaliwa kando ya mto huohuo. Tulimwamkia, akauliza dagaa ni wa safari gani. Nikamweleza kwa majivuno, pamoja na madumu. Aliacha kupima, akacheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la khanga.

"Wagogo nyie! Mnalipelekea ziwa maji?"

Tukacheka naye. Kisha akauliza, mara hii bila utani, mtumbwi ukipinduka ni nani kati yetu anajua kuogelea.

Rafiki yangu akaninyooshea kidole.

Mimi ndiye niliyemwambia. Miezi kadhaa nyuma alikuwa anasitasita, nami nilitaka mno kufika, nikasema naogelea vizuri. Nilisema kwa wepesi uleule ninaotumia kwenye riwaya zangu, ambamo watu huvuka mito ambayo mimi sijaiona. Ukweli ni kwamba mto wa utoto wangu hutiririka wiki chache tu kwa mwaka. Miezi mingine tulichimba mchanga wake mpaka mkono ukazama begani, tukangoja kikombe kimoja kijae. Kuyatafuta maji najua. Kuwa ndani yake sijui.

"Sijui kuogelea," nilisema. "Sijawahi kujua."

Yule mama akarudi kwenye kipimo chake, kama mtu asiyesikia. Rafiki yangu alipokea dagaa, akatangulia mbele mpaka tukapata bajaji. Tulikuwa tumeshakaa ndipo aliposema:

"Ningepanda huo mtumbwi kwa sababu yako."

Nyumbani aliufuta mtumbwi kwenye mpango wetu, akaandika kwamba tutalizunguka ziwa kwa miguu, kadiri tutakavyoweza. Kisha akaniuliza kama kuna jambo jingine nililolisema kwa kuwa tu nilitaka liwe kweli.

Lipo, nikamwambia. Mama anaamini tutaongozana na mwenyeji wa kule.

Mama alikuwa uani, anapepeta uwele. Rafiki yangu akafunika kalamu.

"Twende tukamwambie," alisema, na akanipisha nitangulie.