Meza Iliyopimwa kwa Kigoda cha Baba

Enzi zetu mtoto wa kijijini aliandikia popote alipopata. Mimi nilikuwa nikilala kifudifudi kwenye sakafu ya udongo, na kuku walipita juu ya hesabu zangu bila hodi. Mwalimu alilikung'uta daftari langu vumbi kabla ya kulifungua. Siku aliponiambia kwamba kwa mwandiko ule nitaanguka mtihani wa darasa la nane hata majibu yakiwa sawa, nililia njia nzima hadi nyumbani.

Jumamosi baba alienda Kiboko kwenye mashamba ya nyanya, akarudi na kreti zilizovunjika nyuma ya baiskeli. Alizibomoa ubao mmoja mmoja. Mimi nilipewa kazi ya kunyoosha misumari juu ya jiwe, na vidole vyangu vilipigwa zaidi kuliko hiyo misumari. Miguu ya meza ilitoka kwenye kitanda kikuukuu cha mukau, mti ambao hata mchwa wetu wameukatia tamaa. Randa hatukuwa nayo, kwa hiyo alizikwangua mbao kwa kipande cha chupa mpaka zikawa laini. Tepu ya kupimia pia hatukuwa nayo. Aliketi kwenye kigoda chake, akainua viwiko, akasema, "Urefu ni hapa."

Hapo ndipo alipokosea. Kigoda kile cha miguu mitatu alikichonga mwenyewe alipooa, na kwetu Ukambani kigoda cha mwenye nyumba hakikaliwi na mtoto, sembuse msichana. Hata tukifagia tulikizunguka. Meza ilipokwisha, nilivuta benchi la jikoni. Magoti yakagoma kuingia. Nikakaa chini; kidevu kikatua mezani. Mwaitu, yaani mama yangu, alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso.

Baba akakibeba kigoda chake na kukiweka nyuma ya meza.

"Mwende, kaa hapo."

Mwaitu aliacha kucheka. "Baba Mwende, watu wakiingia hapa watasema nini?"

"Waseme mtoto anasoma."

Nilikaa nusu makalio. Wiki nzima sikuthubutu kukaa sawasawa. Wazee walipokuja kumsalimu baba, walinikuta mimi kwenye kigoda na yeye juu ya debe lililopinduliwa. Walikohoa. Baba akawauliza habari za mvua.

Wanangu leo wana viti vya ofisini vya magurudumu, vinavyopanda na kushuka. Ukiwauliza mbona hawasomi, eti mgongo unauma, eti intaneti imepotea. Meza zao nzuri zimekuwa mahali pa kutupia nguo. Huwa nawagombeza, halafu nacheka, kwa sababu nawapenda wapumbavu hawa.

Nilipopita mtihani na kwenda sekondari, nilikirudisha kigoda mahali pake. Baba alikataa kukikalia. Alisema amezoea debe, na tena likizo si mbali, nitakihitaji. Nilimwamini, kumbe mgongo wake ulikuwa ukimsumbua miaka yote ile.

Siku hizi tunawanunulia watoto kila kitu, na si vibaya. Ila mimi bado sijawahi kuinuka mahali nilipokaa nikawaachia.