Kaka Aliyeuliza Kabla ya Kuwasha Gari

Watu wa mashambani walimwita kaka yangu Bwana Nguruwe, maana nguruwe pori wakivamia mihogo ndiye aliyeitwa. Alikuwa na kibali, bunduki ya mitutu miwili inayokunjwa katikati, na gari dogo kuukuu. Mungu amrehemu, sijaona mtu mwangalifu kama yeye.

Kabla ya safari, kwenda na kurudi, aliikunja bunduki, akatia kidole katika kila tundu, kisha akanigeuzia mimi dada yake mdogo, niliyembebea karatasi za kibali.

"Tupu?"

Kazi yangu ilikuwa kuchungulia mpaka nione mwanga upande wa pili, ndipo nijibu, "Tupu." Hapo bunduki iliingia sandukuni, ikapigwa kufuli, ikawekwa kwenye buti. Risasi zilikaa mbele, ndani ya kopo lake. Bila jibu langu gari haliondoki.

"Kaka, unachelewa kama bibi harusi!"

"Bunduki haina ndugu wala shemeji. Angalia."

Miaka ya kwanza niliangalia. Mazoea yana taabu. Baadaye nilijibu huku nikitafuta kiatu changu chini ya kiti. Na kisukari kilikuwa kimemtia ganzi vidoleni, tena bila miwani hakuona cha karibu. Alibaki na macho yangu.

Safari ya mwisho alitia risasi, lakini nguruwe hawakutokea, hakupiga hata moja. Wakati wa kurudi wanawe wawili walikuwa kiti cha nyuma, wameegemea upande wa buti.

"Tupu?"

"Tupu."

Wiki iliyofuata kisukari kilimchukua.

Sina kibali, sheria hainiruhusu kuibeba bunduki ile, kwa hiyo wifi yangu aliwaita polisi. Akaja askari mwanamke. Alifungua sanduku uani, akaelekeza mitutu chini, akaikunja. Katika tundu la kulia kiling'aa kitako cha risasi.

"Hii ilisafirishwaje?"

"Kwenye buti," wifi alijibu taratibu. "Watoto walikuwa nyuma."

Askari aliitoa risasi, akashika kalamu. "Marehemu alizembea," alisema huku akiandika.

Wifi akainamisha kichwa. Siku tisa tu nyuma tulikuwa tumemsifu kaburini kwa uangalifu wake. Ningenyamaza, lawama angeibeba yeye, maiti hajitetei.

"Futa hiyo, afande," nilisema. "Aliuliza. Niliyejibu ni mimi, na sikuangalia."

Wifi hakunitukana. Aliwavuta watoto kwenye gauni lake. "Wifi," akasema, "kaa mbali na sisi kwanza."

Gari hataki kuliona, kwa hiyo liko kwangu. Ninamwomba Mungu msamaha kwa ulimi ule ule uliosema uongo. Na kila nikitia ufunguo, namsikia kaka nyuma ya kisogo changu, sauti yake haina hasira hata kidogo.

"Tupu?"

Nashuka. Nafungua buti, natazama tairi la akiba, napitisha mkono hadi chini yake. Halafu namjibu kwa sauti, hata kama wapita njia wananigeukia.