Bango la Nesi Nuriat

Nesi Nuriat ni mzaliwa wa Bukoba mjini, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kujuta. Anasimamia kliniki ya kisukari kwenye kituo cha afya kimoja karibu na Izigo, na ukutani alikuwa na bango alilolipenda: sahani iliyogawanywa, robo ugali, robo samaki, nusu mboga za majani.

Ta Kaijage, Ta kama Wahaya wanavyomwita baba mtu mzima, mkulima wa kahawa, alilikariri lote. Kila mwezi alilieleza bila kukosea, na kila mwezi sukari yake ilisoma kumi na nane, juu mno. Kidonda alichokuwa nacho mguuni kikazidi kuchimba.

"Ta Kaijage, ugali unakula kiasi gani?"

"Ugali sijaugusa tangu Januari, mwanangu."

"Kipimo hakidanganyi."

Maana yake mwongo ni mzee, na mzee alielewa.

Mwezi wa nne, daktari wa hospitali alisema sukari isiposhuka mguu utakatwa. Nuriat akapanda bodaboda saa saba mchana, akamkamate mzee na ugali wake.

Ugali hakuukuta. Mke wa mzee, Ma Kokwijuka, alitandaza majani ya mgomba mkekani, akamimina ebitoke, ndizi za kupikwa, pamoja na maharage, chakula cha kushibisha harusi. Wote wakala pamoja, kila mtu akimega upande wake, na mwenye nyumba akizidi kusogezewa. Sahani haikuwapo. Na kwenye bango lake, Nuriat alikumbuka, ndizi hazikuwapo. Kwa Mhaya ndizi ndicho chakula. Picha iliyopunguza ugali haikumpunguzia mzee chochote. Aliona aibu, akarudisha tonge kwenye jani.

"Nisamehe, Ta. Ulisema kweli."

"Nilijua," mzee akajibu. "Kula."

Kesho yake Nuriat aligeuza bango, akachora nyuma yake jani la mgomba: ndizi chache zisizozidi ngumi ya mlaji, maharage kidogo, na nusu nzima mboga. Ma Kokwijuka akaanza kumkatia mumewe jani lake peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Sukari ikashuka. Mguu ulipona, ila vidole viwili vilikuwa vimekwisha kukatwa.

Siku aliyorudi kliniki na fimbo, Ta Kaijage alilitazama jani lile.

"Chora na mguu hapo pembeni."

"Wa nini, Ta?"

"Wajue kuna mtu aliulizwa habari za ugali miezi minne."

Nuriat alichukua kalamu, akachora mguu wenye vidole vitatu.