Mshika Kipaza Sauti

Kitu cha kwanza mkutubi kijana alichokiona kwa mama mshika kipaza sauti ni leso. Kila mwisho wa mwezi, watu wanapokusanyika ukumbini mwa maktaba kuzungumzia historia ya mji wao, mama huyo hupita kati ya viti na kipaza sauti, na kabla ya kumpa mtu hukifuta taratibu, kama anayefuta kijiko cha mtoto. Mzee akinogewa na maneno yake mwenyewe, humnong'oneza, "Baba, na wenzako wana midomo," kipaza sauti kikamsaliti, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hajawahi kuuliza swali. Ila mtaa wowote wa zamani unapotajwa, husimama kwanza, akasikiliza. Akigundua si mtaa wa kwao, huendelea na kazi yake.

Jana mkutubi alimkuta peke yake mbele ya viti vitupu, kipaza sauti kimezimwa. "Nyumba yetu ilikuwa ya tatu kutoka kisimani," alikuwa akisema, "kabla mtaa haujavunjwa kupisha kiwanda. Kuna anayemkumbuka mama yangu, mshona magodoro? Alikuwaje? Mimi sura yake imenitoka."

Alipogeuka, aliona haya. "Usinicheke, mwanangu. Jumamosi wanauzungumzia mtaa wetu. Miaka sita nangoja."

"Sikucheki, mama. Lakini siku hiyo nani atakushikia?"

"Wewe," akasema, akamkabidhi leso. "Na ukifute vizuri."

Leso imeshafuliwa, imekauka, imekunjwa mfukoni mwa mkutubi, na Jumamosi bado siku mbili.